Kalamu Juu ya Mlima: Athari za Vitabu vya Mwongozo Vyenye Michoro kwa Utalii wa Matembezi

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa milima haikutani, binadamu hukutana. Methali hii huuchukulia mlima kuwa kitu kilichotulia pale kilipoumbwa, kisichokwenda kwa mtu wala kumwita. Historia ya utalii, hata hivyo, inadhihirisha kuwa mlima huweza kusafiri. Husafiri ndani ya kitabu, ukaingia katika nyumba ya mtu asiyewahi kuuona, ukamshawishi kufunga viatu na kuufuata. Swali linalozuka ni hili: kitabu kinachowaita watu mlimani huufanyia nini mlima wenyewe, na huwafanyia nini wakazi wa chini yake?

Makala haya yanadhamiria kulijibu swali hilo kwa kuchunguza vitabu vya mwongozo vyenye michoro vilivyoandikwa kuhusu milima ya eneo la Lake District, kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Mkazo umewekwa kwenye kazi za Alfred Wainwright, ambazo zimesomwa na kufuatwa kwa miguu kwa zaidi ya nusu karne. Huenda msomaji akashangaa kuona kitabu cha mwongozo kikijadiliwa katika jarida la wanafasihi. Ni kweli kuwa kitabu cha aina hii kwa kawaida hupangwa kando ya ratiba za treni na orodha za hoteli, mbali na riwaya na diwani. Hata hivyo, kina msimulizi, kina hadhira, kina mtindo, na kina uwezo ambao riwaya chache zinaweza kujivunia: humtoa msomaji kitini na kumtembeza. Ikiwa fasihi hupimwa kwa athari yake kwa jamii, basi utanzu huu unastahili kutazamwa kwa jicho la uhakiki.

Usuli: Kutoka Kuutazama Mlima hadi Kuupanda

Matembezi ya milimani kwa ajili ya starehe ni desturi changa kuliko inavyodhaniwa. Kwa karne nyingi, wapita njia wa Uingereza waliiona milima ya Lake District kuwa nchi ya kutisha, isiyofaa kwa kilimo wala safari. Aliyepanda huko alikuwa mchungaji anayewafuata kondoo wake, mchimba madini au mfanyabiashara aliyevusha mizigo kwa farasi. Mabadiliko ya mtazamo yalianza katika karne ya 18, na vitabu vilichangia pakubwa.

Mnamo mwaka wa 1778, padre Thomas West alichapisha kitabu chake cha mwongozo kuhusu maziwa ya eneo hilo. West aliteua vituo maalumu ambapo mgeni alipaswa kusimama na kutazama. Si hayo tu, bali alipendekeza mgeni abebe kioo kidogo cheusi, kilichopinda kidogo, ambacho kilitumiwa na wapenda mandhari wa wakati huo. Mtumiaji aliupa mlima kisogo, akakiinua kioo, na kuitazama taswira ya mlima ikiwa ndani ya fremu kama mchoro wa msanii. Jambo hili laweza kuchekesha leo, lakini lina funzo kuhusu uwezo wa mwongozo. Tangu mwanzo wa utanzu huu, kitabu hakikumwelekeza msomaji mahali pa kwenda pekee. Kilimfundisha pia namna ya kuona.

Aliyefuata alikuwa mshairi William Wordsworth, mzaliwa wa eneo hilo. Maelezo yake kuhusu maziwa yalichapishwa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1810 bila jina lake, yakisindikiza michoro ya mtu mwingine. Yalitoka kama kitabu kinachojitegemea mwaka wa 1822, na toleo la tano, ambalo ndilo lililoenea zaidi, likachapishwa mwaka wa 1835. Wordsworth alieleza jinsi mawe, mvua, miti na nyumba za wakulima zilivyohusiana, na akatoa wazo kuwa eneo hilo lilistahili kuhesabiwa kuwa mali ya taifa zima. Hata hivyo, mnamo mwaka wa 1844, ulipotolewa mpango wa kujenga reli hadi karibu na ziwa la Windermere, mshairi huyohuyo aliupinga hadharani akihofia umati wa wageni. Reli ilifika mwaka wa 1847. Kinaya hiki kinapaswa kuwekwa akilini, maana kitajirudia: anayeusifu mlima huwaita wageni, kisha wageni wakija huuonea mlima huruma.

Karne ya 20 ilileta suala la haki. Sehemu kubwa ya milima na nyika za Uingereza ilikuwa mikononi mwa wamiliki binafsi waliowazuia watembeaji. Mnamo tarehe 24 Aprili 1932, mamia ya watembeaji, wengi wao vijana wafanyakazi wa viwandani, waliingia bila idhini katika nyika ya Kinder Scout, na baadhi yao wakafungwa gerezani. Sheria ya mbuga za kitaifa ilipitishwa mwaka wa 1949, na Lake District ikatangazwa kuwa mbuga ya kitaifa mwaka wa 1951. Kwa hiyo, kufikia katikati ya karne, mlango ulikuwa umefunguliwa. Lililokosekana ni mtu wa kumshika mgeni mkono na kumwonyesha njia.

Mweka Hazina na Milima Yake

Alfred Wainwright alizaliwa mwaka wa 1907 mjini Blackburn, mji wa viwanda vya nguo, katika familia ya mwashi. Aliacha shule akiwa na umri wa miaka 13 na kuanza kazi kama tarishi wa ofisi katika baraza la mji. Kwa kusoma usiku, alihitimu kuwa mhasibu. Mnamo mwaka wa 1930, akiwa na umri wa miaka 23, alikwenda Lake District kwa mara ya kwanza na kupanda kilima kiitwacho Orrest Head, kilicho juu ya Windermere. Mandhari aliyoyaona hapo yaliyaelekeza maisha yake yote. Alihamia mji wa Kendal, ulio karibu na milima hiyo, mwaka wa 1941, na kuanzia mwaka wa 1948 hadi 1967 alikuwa mweka hazina wa mji huo.

Mnamo Novemba 1952, Wainwright aliketi na kuanza kuandika kitabu kuhusu milima. Mpango wake ulikuwa wa miaka 13. Wikendi alisafiri kwa basi, kwa kuwa hakuendesha gari, akapanda milima peke yake, akapiga picha na kuandika maelezo. Jioni za siku za kazi alizichora picha hizo kwa kalamu na wino na kuyaandika maelezo kwa mkono wake mwenyewe. Matokeo yake yalikuwa vitabu 7 vilivyojulikana kwa jina la A Pictorial Guide to the Lakeland Fells. Cha kwanza kilitoka mwaka wa 1955 na cha mwisho mwaka wa 1966. Kwa jumla vilieleza milima 214.

Ukurasa mzima, kuanzia kichwa cha sura hadi nambari ya ukurasa, ulikuwa kazi ya mkono mmoja. Hakuna herufi za chapa zilizopangwa na mpiga chapa. Kurasa zilichapishwa jinsi zilivyoandikwa. Inaelezwa kuwa baada ya miezi kadhaa ya kazi, akiwa amekwisha kuandika takriban kurasa 100, Wainwright alikerwa na mistari ambayo haikuishia sawasawa upande wa kulia. Alizitupa kurasa hizo na kuanza upya, safari hii akihakikisha kuwa kila mstari umelingana pande zote mbili. Mhasibu aliyezoea kusawazisha daftari za hesabu hakuweza kuuvumilia ukurasa usiosawazishwa. Nakala 2,000 za kitabu cha kwanza zilichapishwa kwa deni, naye mpiga chapa wa Kendal akakubali kulipwa kadiri vitabu vilivyouzwa. Havikukawia kuuzwa. Vitabu hivyo 7 vimekwisha kuuza zaidi ya nakala milioni 2.

Fani: Ndoa ya Mchoro na Neno

Ni nini kilichovifanya vitabu hivi vipendwe hivyo ilhali ramani nzuri za serikali zilikuwepo, na waandishi wengine walikwisha kuandika miongozo? Jibu limo katika fani yake, na hususan katika uhusiano wa mchoro na maneno.

Kwanza, Wainwright alitatua tatizo kongwe la ramani. Ramani ya kawaida huitazama nchi kutoka juu, kama aionavyo ndege, ilhali mtembeaji huuona mlima akiwa chini, umesimama mbele yake. Msomaji asiyezoea mistari ya kontua hushindwa kuigeuza ramani kuwa mlima akilini mwake. Katika michoro ya Wainwright ya njia za kupandia, sehemu ya chini ya ukurasa ni ramani iliyolala. Kadiri jicho linavyopanda ukurasa, ramani hiyo hugeuka polepole ikasimama na kuwa picha ya mlima, kilele kikiwa juu kabisa. Msomaji huanza chini na kuishia juu, kama atakavyofanya kwa miguu yake. Kwa hivyo, kitendo cha kusoma huwa mazoezi ya kupanda.

Pili, kila mlima ulipewa sura yake, na kila sura ilifuata utaratibu uleule: sifa za mlima, ramani, njia za kupandia, maelezo ya kilele, mandhari yanayoonekana kutoka kileleni, na migongo inayouunganisha mlima huo na mwingine. Urudiaji huu humpa msomaji uhakika, mithili ya kiitikio katika wimbo. Aidha, utaratibu huo uliupa mlima mdogo heshima sawa na mkubwa. Scafell Pike, mlima mrefu kuliko yote Uingereza wenye mita 978, una sura yake. Castle Crag, wenye mita 290 tu, nao una sura yake.

Tatu, vitabu hivi vina nafsi. Msimulizi wake hutania, hununa, hupendelea. Huusifu mlima mmoja na kuukejeli mwingine kwa kuwa na matope. Mara chache amejichora mwenyewe akiwa kileleni, ameketi au kusimama, akiwa amempa msomaji kisogo. Hata kurasa za tabaruku zina utani na upendo: kitabu kimoja amewatunuku wapimaji wa ramani, kingine wajenzi wa kuta za mawe zinazopanda milimani, kingine mbwa wa eneo hilo, na kingine kondoo. Kwa mbinu hii, hadhira haikupata maelekezo tu. Ilipata mwenzi wa safari, na mtu aliyeogopa kupanda peke yake alijihisi ana mtu kando yake.

Nne, ukataji wa maneno ulikuwa mkali. Ukurasa mdogo ulioandikwa kwa mkono hauna nafasi ya porojo. Ukuta uliobomoka, mti mmoja uliosimama, rundo la mawe, jiwe lenye umbo la pekee: kila kitu kilichochorwa ni alama ambayo mtembeaji angeikuta. Mchoro ulibeba ambacho maneno yangehitaji aya nzima kukieleza, nayo maneno yakaachiwa hisia, historia na tahadhari.

Athari kwa Utalii

Athari ya kwanza ya vitabu hivi ni kuuondoa mlima katika miliki ya mabingwa. Klabu za wakwea miamba zilikuwa na miongozo yao, iliyoandikwa kwa lugha ya kitaalamu na kwa ajili ya wanachama wao. Wainwright alimwandikia karani, mwalimu, mfanyakazi wa kiwanda na mama wa nyumbani mwenye Jumapili moja tu ya mapumziko. Mtu huyo alipata kujua kuwa angeweza kupanda mlima bila kamba, bila kiongozi na bila pesa nyingi.

Athari ya pili ni orodha. Hapa pana mfano wa kuvutia wa jinsi hadhira inavyoweza kuibadilisha maana ya matini. Huko Scotland, Sir Hugh Munro alikuwa amechapisha mwaka wa 1891 orodha ya milima yenye urefu wa zaidi ya futi 3,000, yaani takriban mita 914. Hiyo ilikuwa orodha kwa makusudi, na kigezo chake kilikuwa kipimo. Wainwright hakukusudia kutunga orodha. Aliandika kuhusu milima aliyoona inastahili, na kigezo chake kilikuwa hisia zake. Lakini wasomaji walizihesabu sura, wakapata 214, na wakaanza kuipanda mmoja baada ya mwingine wakitia alama vitabuni. Leo milima hiyo huitwa kwa jina lake, na kuimaliza yote ni lengo la maisha la maelfu ya watembeaji. Uteuzi wa mtu mmoja umekuwa sheria ya umma. Castle Crag, ambao ni mfupi kuliko milima mingi isiyomo vitabuni, hupandwa kila siku kwa sababu tu mwandishi aliupenda.

Athari ya tatu ni ya kiuchumi. Mtalii wa kioo cheusi aliishia kando ya ziwa, lakini mtembeaji mwenye orodha ya milima 214 hurudi mwaka baada ya mwaka na kuingia katika mabonde ambayo hayakuwa na wageni. Anahitaji malazi, staftahi, chakula cha jioni, basi, viatu na koti la mvua. Wakulima wa mabondeni walifungua vyumba vya wageni, na maduka ya vifaa vya matembezi yakaenea mijini. Ukubwa wa utegemezi huu ulidhihirika mwaka wa 2001, wakati ugonjwa wa miguu na midomo ulipowakumba mifugo wa Uingereza. Njia za milimani zilifungwa ili kuzuia maambukizi. Mkulima aliyepoteza kondoo, jirani yake mwenye nyumba ya wageni naye akakosa wateja. Ndipo ilipoonekana wazi kuwa mlima ulikuwa ukilisha watu kwa miguu ya wageni sawa na ulivyowalisha kwa malisho ya kondoo.

Athari ya nne inahusu njia mpya. Mwaka wa 1973, Wainwright alichapisha kitabu kuhusu safari ya miguu kutoka pwani ya magharibi hadi pwani ya mashariki ya Uingereza, kuanzia kijiji cha St Bees hadi Robin Hood's Bay, takriban kilomita 305, ikipitia mbuga 3 za kitaifa. Njia hiyo haikuwepo kabla ya kitabu. Aliibuni mezani kwa kuunganisha vijia vilivyokuwepo. Jambo la kupendeza kwa mwanaisimu ni kwamba jina la kitabu hicho, A Coast to Coast Walk, linatumia kibainishi cha Kiingereza kinachodokeza kuwa safari hiyo ni mojawapo tu ya nyingi zinazowezekana. Kiswahili hakina kibainishi cha namna hiyo, na mfasiri angelazimika kusema safari mojawapo ili dhamira isipotee. Mwandishi aliwahimiza wasomaji wabuni njia zao wenyewe. Wasomaji wengi hawakutii. Walimfuata yeye hatua kwa hatua, vijiji vya njiani vikapata riziki, na mwaka wa 2022 ikatangazwa kuwa njia hiyo ingeingizwa rasmi katika orodha ya njia za kitaifa. Kitabu kilikuwa kimeumba kitu juu ya ardhi.

Gharama ya Umaarufu

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Miguu ya mtu mmoja haidhuru mlima, lakini miguu ya maelfu katika mstari uleule huua nyasi, hufichua udongo na kuacha mvua iukamilishe uharibifu. Lake District ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi Uingereza. Kijia kilichochorwa na Wainwright kwa vitone vyembamba mwaka wa 1955 kiliweza, baada ya miongo kadhaa, kuwa kovu pana linaloonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Mtembeaji huyakwepa matope kwa kukanyaga nyasi za kando, na kwa kufanya hivyo hulipanua kovu.

Ukarabati wa njia hizi umekuwa kazi isiyoisha. Kupitia mpango wa Fix the Fells, ambao unazishirikisha taasisi kama vile National Trust na mamlaka ya mbuga, mafundi na wafanyakazi wa kujitolea hutengeneza njia kwa kupanga mawe makubwa yaliyozikwa nusu ardhini, mbinu inayofanana na ile ya barabara za kale za farasi wa mizigo. Mawe hayo mara nyingi hupelekwa juu kwa helikopta. Kwa hivyo, ili mlima ubakie na sura ya asili, umelazimika kujengwa kwa mikono.

Je, lawama ni ya vitabu? Suala hili linahitaji kupimwa kwa mizani ya haki. Barabara kuu ya M6 ilikamilishwa kandokando ya eneo hilo mwaka wa 1970 na kuyasogeza karibu majiji makubwa. Magari ya kibinafsi yaliongezeka, siku za mapumziko zikaongezeka, na televisheni ikaonyesha milima hiyo kwa mamilioni ya watu. Kitabu peke yake kisingeweza kuleta umati huo. Aidha, kwa kueleza milima 214 badala ya michache maarufu, vitabu hivyo viliwatawanya watembeaji ambao wangeweza kusongamana mahali pamoja. Hata hivyo, haiwezi kukanushwa kuwa mahali palipochorwa kijia ndipo miguu ilipopita. Mchoro ulikuwa amri ya kimyakimya.

Kinaya cha Wordsworth kilirudi hapa. Wainwright alikuwa mtu mkimya aliyependa kutembea peke yake, na kitabu chake cha tano amewatunuku wale watembeao peke yao. Lakini kila ukurasa alioandika kwa ajili ya mpweke mmoja ulisomwa na wapweke elfu, nao walipokutana kileleni, upweke ulikwisha. Alipofariki mwaka wa 1991, majivu yake yalitawanywa juu ya mlima wa Haystacks, wenye mita 597, kama alivyokuwa ametaka. Sasa mlima huo ni miongoni mwa inayotembelewa sana, kwa sababu yumo yeye.

Jambo jingine linalowahusu wanafasihi ni kwamba mlima hubadilika ilhali kitabu hubaki. Kuta zilibomoka, misitu ikapandwa na kukatwa, njia zikahamishwa. Mtembeaji aliyeamini mchoro wa zamani angeweza kupotea. Kati ya mwaka wa 2005 na 2009, Chris Jesty alitoa toleo lililosahihishwa, njia zikitiwa rangi nyekundu na marekebisho yakiandikwa kwa herufi zilizoigiza mwandiko wa Wainwright. Clive Hutchby alifuata na toleo la tatu, lililokamilika mwaka wa 2020. Mandhari ya eneo hilo, ambalo mwaka wa 2017 liliorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia, yanatunzwa sambamba na matini inayoyaeleza. Wasomaji wengi hununua yote mawili: toleo jipya la kutembelea, na la kale la kusoma.

Mlima Kenya na Kalamu ya Mwenyeji

Uwezo wa picha kumvuta mtu mlimani una ushahidi hapa nyumbani pia. Mnamo Januari 1943, Waitaliano watatu waliokuwa mateka wa vita katika kambi ya Nanyuki, wakiongozwa na Felice Benuzzi, walitoroka kwa nia ya kuupanda Mlima Kenya. Hawakuwa na kitabu cha mwongozo wala ramani ya kutosha. Miongoni mwa vitu walivyotegemea ni picha ya mlima huo iliyokuwa kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Walishindwa kufika Batian, kilele chenye mita 5,199, lakini wawili kati yao walifika Point Lenana, yenye mita 4,985, wakasimika bendera yao, kisha wakarudi kambini kujisalimisha. Ikiwa picha ya kuuzia nyama iliweza kuwatoa watu gerezani na kuwapandisha mlima, basi uzito wa mchoro uliotengenezwa kwa makusudi hauna haja ya kutiliwa shaka.

Isitoshe, Mlima Kenya una miongozo yake, ikiwemo ile ya Klabu ya Milima ya Kenya, iliyoasisiwa mwaka wa 1949. Miongozo mikuu ya mlima huu na ya Kilimanjaro imeandikwa kwa lugha za kigeni na kwa ajili ya wageni. Hapa ndipo mjadala wa Lake District unapomgusa mwanafunzi wa Kiswahili. Vitabu vya mwongozo huteua cha kuonekana na cha kuachwa. Wainwright aliwaona wajenzi wa kuta na mbwa wa wachungaji kwa sababu aliishi chini ya milima aliyoichora. Mwandishi apitaye njia huiona miamba na kipimo chake. Mwenyeji angeweza kueleza kwa nini mlima unaitwa Kirinyaga, ni nani Batian, Nelion na Lenana ambao majina yao ya Kimaasai yamepewa vilele, na jinsi wapagazi wanavyosoma mawingu kabla ya kuvuka bonde.

Wala si kweli kuwa Kiswahili ni kigeni kwa utanzu wa safari. Kitabu cha Safari za Wasuaheli, kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapishwa mwaka wa 1901, kina masimulizi ya Waswahili waliosafiri barani na ng'ambo, akiwemo Selim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia mwaka wa 1896. Waandishi hao waliieleza nchi ya wengine kwa jicho la Mswahili, wakilinganisha, wakishangaa na kutania. Utamaduni huo ukiunganishwa na mchoro wa mkono, msamiati wa mlima ungepata pa kukaa. Kilele, mgongo, bonde, genge, poromoko, ukungu: maneno haya yote yamo katika kamusi, lakini neno huishi linapotumiwa kumwonyesha mtu pa kuweka mguu.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kitabu cha mwongozo chenye michoro hufanya kazi zaidi ya kueleza. Hufundisha namna ya kuona, hufungua mlango kwa wasio mabingwa, huteua mahali pa kupendwa, hulisha vijiji, na huweza hata kuumba njia ambayo haikuwepo. Kwa upande mwingine, kitu kinachochorwa hukanyagwa, na mwandishi hana uwezo wa kuamua watakuja wangapi baada yake. Wordsworth alijaribu kuizuia reli akashindwa. Wainwright aliwasihi wasomaji wabuni njia zao, nao wakaifuata yake.

Funzo kwa atakayeishika kalamu kuichora Mlima Kenya, Aberdare au Milima ya Taita kwa Kiswahili ni kuwa aingie kazini akijua uzito wa kila mstari anaouchora. Ateue njia zinazostahimili miguu, aziache chemchemi na mahali patakatifu pasipotakiwa wageni, na awape wenyeji nafasi ya kuonekana ukurasani kama watu wenye majina na maarifa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Lakini mwenyeji atapona iwapo yeye mwenyewe ndiye aliyeuchora ukurasa unaomwita mgeni.